Kituo cha polisi kimekuwa ngome

Meza yetu ya kulia imetekwa na Lego, vile vitofali vya plastiki vya kuchezea, na chakula tunakula tukiwa tumejibana kwenye kochi. Sijali. Mwanangu alikuwa na seti ya kituo cha polisi, yenye gereji, chumba cha mahabusu na maandishi ya bluu juu ya mlango. Aliichezea mpaka ikaisha utamu: wezi wote walikamatwa, wakatoroka, wakakamatwa tena. Tangu tulipokwenda Conwy, kaskazini mwa Wales, amekuwa na neno moja tu: mama, tujenge ile ngome.

Tunaishi Liverpool, kwa hiyo si safari kubwa. Unabadilisha treni Chester, kisha reli inaandamana na bahari hadi inapita chini ya kuta zenyewe. Ngome ya Conwy ilijengwa kati ya 1283 na 1287 kwa amri ya Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, chini ya usimamizi wa fundi mkuu James wa St George aliyetoka Savoy. Ina minara minane ya mviringo na imekalia mwamba. Mtoto aliizunguka huku akipapasa mawe, na akanitaka nipige picha kila tundu la mishale.

Tulipobomoa kituo cha polisi, shida ya kwanza ikawa rangi. Matofali meupe yalikuwa tele, ya bluu ya kutosha, ya kijivu kiduchu. Akanuna: ngome gani nyeupe? Nikamweleza kwamba enzi zake Conwy ilipakwa chokaa, na mtu aliyekuja kwa jahazi aliiona inang'aa kutoka mbali. Kijivu cha leo ni mawe yaliyobaki uchi. Mimi niliyekulia Mombasa sikuhitaji kushawishiwa, maana ukuta wa mawe na chokaa ndio ukuta ninaoujua. Jioni bibi yake akapiga simu ya video, akaiona meza, akauliza, "Mume wangu, nyumba yetu mmeshaipaka chokaa?" Mume wake akanyoosha shingo kwa fahari, na tangu hapo habari ya kijivu haikusikika tena. Isitoshe, ngome ya kwanza ya Lego yenye vijitu vya kuchezea, ile ya 1978, ilikuwa ya manjano tupu. Ilikuwa na vipande 767 na vijitu 14, na watu wazima mpaka leo wanaisaka.

Minara ya mviringo haikubali matofali ya pembe nne. Ukiilazimisha unapata ngazi-ngazi za kuudhi macho. Hapo tukaazima kwa jirani: ngome ya Caernarfon, iliyoanza kujengwa mwaka huohuo wa 1283 kwa mfalme yuleyule, ina minara yenye pembe nyingi. Tukakata kona kwa vipande vya mshazari, mnara ukawa na pande nane, na unapendeza.

Lakini jambo lililonifikirisha kuliko yote ni bawaba. Ngome ya kweli hujengwa ili mkono wa mtu wa nje usifike ndani. Ngome ya kuchezea, mkono wa mtoto usipofika ndani, ni pambo la kabati. Nimeona mitandaoni majengo ya Lego ya kustaajabisha, kuta zimefungwa pande zote, kila jiwe mahali pake, na moyoni nikauliza: sasa mtoto atacheza wapi? Ile ya manjano ya 1978 ililijua jibu, kwani ilikuwa inafunguka. Nasi tumeigawa yetu katikati. Ukiifunga, ni boma kamili lenye minara. Ukiifungua, inalala kama kitabu, na ndani kuna ukumbi wa karamu, jiko, ghala, na chumba cha mfalme chenye kitanda kilichotokana na kiti cha nyuma cha gari la polisi.

Nilipenda sana kuona vitu vikibadilisha kazi. Nondo za mahabusu sasa ni lango la kushuka. Linateleza kati ya nguzo mbili zilizovikwa vibamba laini, maana vile vinundu vya juu ya tofali vingelikwamisha. Lango la magharibi la Conwy lilikuwa na daraja la kunyanyua, kwa hiyo letu nalo linanyanyuka: uzi wa cherehani umefungwa kwenye ncha ya daraja, unapita kwenye tundu juu ya lango, unajizungusha kwenye roda iliyokuwa ya winchi ya helikopta. Mtoto akizungusha mkono wa roda taratibu, daraja linapanda likitetemeka. Akiachia ghafla, linaanguka kwa kishindo, naye huachia ghafla kila mara. Matundu ya mishale tuliyafanya kama ya kweli, membamba nje, mapana ndani. Nje ni nafasi ya kinundu kimoja, milimita 8 tu. Ndani kuna vipande vya mshazari vinavyompa mpiga upinde nafasi ya kugeuka. Aliweka jicho lake upande wa ndani, akaniona mimi mzima na chai yangu. Nilipochungulia kutoka nje, nikaona giza. Hapo akaelewa kitu ambacho nilishindwa kumweleza tulipokuwa Conwy.

Alitaka mizinga pia, kwa kuwa aliiona Fort Jesus tulipokwenda kumwona bibi. Nikakataa. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, na kuta zake nene zilichorwa kwa vita vya baruti. Conwy ni ya zama za pinde, ndiyo maana iliweza kujivunia minara mirefu. Alikubali kwa shingo upande, kisha akaniuliza swali lililonikalisha chini: askari wa ndani ndio wazuri?

Sikumficha. Nilimwambia Edward aliwashinda Wales kwa vita, akaihamisha hata abasia ya watawa iliyokuwa pale ili apate kiwanja, akajenga ngome na mji wenye kuta kwa ajili ya walowezi Waingereza, na wenye nchi wakawa ni watu wa nje. Mtoto wa mtu wa Mombasa anapaswa kulisikia hilo mapema, iwe habari ni ya Wareno au ya Waingereza. Kisha nikampa habari tamu. Mwaka 1401, Ijumaa Kuu, askari wengi wakiwa kanisani, watu wa Wales waliingia Conwy kwa hila, kwa kisingizio cha kazi ya useremala. Wakaiteka. Waliokuwa nyuma yao ni ndugu wawili, Rhys na Gwilym ap Tudur, jamaa wa Owain Glyndŵr aliyeongoza uasi dhidi ya Waingereza.

Sasa huo ndio mchezo wa kila siku. Polisi wawili wamevuliwa kofia, wamepewa nyundo na msumeno, wanabisha hodi langoni. Bawabu anauliza, "Nani?" "Mafundi!" "Mmetumwa na nani?" Na mwanangu, kwa sauti ya ukali kabisa, "Na mwenye nyumba!" Ngome inafunguliwa kwa bawaba zake, wenyeji wanajaa ukumbini, na chakula cha mfalme kinaliwa chote.

Amekwisha toa agizo jingine. Ukuta wa mji wa Conwy una minara 21, na sehemu moja ina vyoo 12 vilivyopangwa mstari mmoja, vinaning'inia nje ya ukuta. Anavitaka vyote 12. Matofali meupe yamekwisha, kwa hiyo Jumamosi tunakwenda soko la mitumba kutafuta ndoo nyingine ya Lego.