Jinsi nilivyofunga injini ya pikipiki kwenye ndege niliyojiundia

Ukitaka kurusha ndege ndogo ya kujiundia kwa injini ya pikipiki, nguvu haitakusumbua sana. Injini niliyoichagua, ya BMW R1150GS, ina ukubwa wa sisi (cc) 1,130 na hutoa nguvu farasi 85 ikiwa kwenye pikipiki. Kwa ndege nyepesi ya watu wawili, hizo zinatosha. Kazi iko kati ya kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, na propela: kuifikisha nguvu hiyo bila kuvunja kitu njiani. Hapo ndipo muda wangu mwingi ulipokwenda, na kama ningeanza upya leo ungekwenda hapo hapo.

Niliipenda kwa umbo lake. Silinda zake mbili zimelala, moja kushoto na moja kulia, zimejitokeza kwenye upepo. Giaboksi yake ni kasha la peke yake, lenye klachi kavu, lililofungwa nyuma kwa bolti. Pikipiki nyingi zina injini na giaboksi ndani ya kasha moja, huwezi kuzitenganisha bila kukata. Hii unafungua bolti, unaweka giaboksi pembeni, unabaki na flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa kranki. Wala jambo lenyewe si geni. Miaka ya 1920 Ed Heath wa Marekani alikuwa akifunga injini za pikipiki za Henderson kwenye ndege yake ya Parasol, na Max Friz, aliyebuni R32 ya mwaka 1923, pikipiki ya kwanza ya BMW, alikuwa amekwisha kubuni injini za ndege kabla ya hapo.

Propela yangu ina kipenyo cha mita 1.7. Ukiifunga moja kwa moja kwenye kranki na kuizungusha mara 6,000 kwa dakika, ncha zake zitakwenda mita 534 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe huenda kama 340. Utapata makelele, msukumo hutaupata. Nikapunguza mwendo kwa mkanda wa meno: puli ya chini meno 30, ya juu 72. Injini ikifika 6,000, propela inazunguka 2,500 na ncha zinakwenda mita 222 kwa sekunde. Niliuchagua mkanda badala ya jozi ya gia kwa sababu haugeuzi upande wa mzunguko, hauhitaji oili, na ukianza kuchoka unauona kwa macho.

Puli ya chini sikuifunga kwenye kranki. Mkanda uliokazwa huivuta puli upande mmoja muda wote, na beringi za kranki hazikuundiwa mzigo huo. Niliipa shafti yake yenye beringi mbili, kisha nikaiunganisha na flaiwili kwa kiungo cha mpira. Juu ni vivyo hivyo: shafti ya propela ina beringi zake zinazopokea mvuto, na mvuto huo unaishia kwenye fremu ya ndege bila kuigusa injini.

Kiungo hicho cha mpira ndicho kilichonifundisha mengi. Injini ya silinda mbili inasukuma kwa mapigo, pigo moja kila mzunguko. Propela ni nzito na haitaki kubadili mwendo. Katikati yao shafti hujisokota na kujisokotoa, na mapigo yakilingana na mtikisiko wa asili wa mfumo mzima, hata chuma kinene hukatika. Dawa ni kuuweka mwendo huo wa hatari chini ya sailensa, yaani mwendo wa injini ikiwaka bila kuongezwa mafuta, ili injini iupite haraka wakati wa kuwaka na isirudi tena hapo. Nilianza na mpira wa ugumu wa 98 kwa kipimo cha Shore. Sahani iliyo chini ya kiungo nilikuwa nimeipaka rangi nyeupe makusudi. Baada ya kuunguruma ardhini niliikuta na unga mweusi, laini kama wanja, umetanda upande mmoja, na meno ya mpira yamelika kingo. Kwenye mizunguko 1,500 kulisikika kugongagonga. Nikaweka mpira wa Shore 92, ulio laini zaidi, nikapandisha sailensa hadi 1,800, na flaiwili zito la pikipiki nikaliacha mahali pake ingawa wengi hulitoa ili kupunguza uzito. Kugonga kukaisha, na sahani ikabaki nyeupe.

Joto nalo lina mambo yake. Pikipiki hukamuliwa kwa sekunde chache. Ndege inapopanda hukamuliwa dakika nzima nzima. Nilikunja vikingio vya bati la alumini kuzunguka silinda ili hewa isipate njia nyingine ila kati ya mapezi, yale mabamba membamba ya kupoza silinda, nikaweka kipoza oili kikubwa, na kipimajoto chini ya plagi ya kila upande.

Matoleo ya mwisho ya R1150 yana plagi mbili kwa kila silinda, lakini zote hutegemea kompyuta moja. Angani sikubali hilo. Niliitoa, nikaweka mifumo miwili ya kuwashia, kila mmoja na kihisi, betri na swichi yake. Mafuta sasa yanaingia kwa kabureta mbili, na hizo huweza kuganda barafu hata kwenye nyuzi 20 kukiwa na unyevu, kwa hiyo zina mlango wa hewa moto kutoka kwenye eksozi. Mtiririko wa pampu niliupima pua ya ndege ikiwa imeinuliwa kama inavyopanda: lazima ufike asilimia 125 ya matumizi ya juu kabisa ya injini, vinginevyo hakuna kuruka.

Sasa inaruka. Wakati wa kupanda oili hufika nyuzi 105, na mwendo ukitulia kwenye 4,700 hushuka hadi 95. Mkanda naukagua kabla ya kila safari, na mpira wa kiungo naubadilisha kabla haujachoka. Silinda ya kulia bado ina joto kuliko ya kushoto, kwa hiyo kikingio chake nakirekebisha milimita chache chache, naruka, nasoma vipimo, narudi kwenye bati.