Kadi ya njano ya 2012 na muhuri nilioupita Kasani

Kadi yangu ya njano niliipata mwaka 2012, nikiwa bado Arusha. Muuguzi alinichoma sindano ya homa ya manjano, akaandika kwa wino wa bluu kwamba mwisho wake ni 2022. Safari yangu ya Peru na Bolivia ilikuwa 2024. Piga hesabu mwenyewe.

Dada wa kaunta ya ndege, shirika silitaji, aliifungua, akaisoma, akaifunga. "Hii imekwisha, dada." Sheria nilikuwa naijua, lakini saa nane za usiku, na foleni nyuma yako inaguna, hata jina lako unaweza kulisahau. Nikameza mate, nikamweleza: tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti cha chanjo hiyo kinahesabika kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Kadi za zamani zilizoandikiwa miaka kumi zimo humo humo, hakuna haja ya kuzibadilisha. Nikamwomba aangalie kwenye Timatic, mfumo ambao mashirika ya ndege hutazamia masharti ya viza na chanjo. Akaandika, akamwita mwenzake, wakasoma wote wawili kimya. Begi langu likapanda mkanda bila neno la pole.

Kama hujachanjwa, jua kwamba cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Kuchomwa leo upande ndege kesho hakusaidii kitu. Na nyie mnaonunua kadi bila sindano, mnajijua.

Kilichonichanganya zaidi ni hili la kuwa Mtanzania ninayeishi Nairobi. Viza inafuata pasipoti, kwa hiyo nchi zote mbili niliziomba kama Mtanzania, kabla ya kuondoka. Ya Peru nusura nijaze ya kuingia mara moja tu, wakati ndege yangu ya kurudi inaondokea Lima, Peru hiyo hiyo! Chanjo haijali rangi ya pasipoti yako. Inauliza umetokea wapi, na Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano.

Sasa ajabu yenyewe: Kasani, mpaka wa Peru na Bolivia niliovukia, uko kando ya Ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Mbu wa homa hiyo hafiki kule. Anayetembelea sehemu za juu ya mita 2,300 peke yake hata hashauriwi kuchanjwa. Lakini Bolivia hiyo hiyo inateremka hadi misitu ya Amazon, kule Beni na sehemu za Santa Cruz, ambako mbu yupo, na abiria mwenye virusi anaweza kufika huko kwa basi. Ndiyo maana unabeba kadi ya ugonjwa wa joto huku umevaa sweta mbili.

Nikiwa kwenye foleni hizi huwa namkumbuka Asibi. Mwaka 1927, nchi ambayo leo ni Ghana, madaktari walichukua damu ya mgonjwa huyo wa homa ya manjano. Alipona, na kutokana na virusi vilivyokuwa kwenye damu yake ikaja kutengenezwa chanjo ya 17D, ambayo hadi leo ndiyo tunachomwa. Max Theiler aliyeitengeneza alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Asibi hakupewa chochote ninachokijua mimi, na sisi tunaotoka upande wake ndio tunaoulizwa kadi.

Haya, Kasani. Mimi ni mtu wa Namanga. Pale, tangu kituo cha pamoja kifunguliwe rasmi mwaka 2018, unatoka nchi moja na kuingia nyingine ndani ya jengo moja, dirisha kwa dirisha. Kwa akili hiyo hiyo nikashuka kwenye bajaji iliyonitoa Yunguyo, mji wa upande wa Peru, nikaona tao la mawe juu ya kilima, nikafuata watu. Wengi walikuwa kina mama wenye mizigo mgongoni, wameifunga kifuani kwa vitambaa vya rangi wanavyoviita aguayo, kama mbeleko zetu. Wao ni wenyeji, wanakwenda na kurudi kama mtu anayekwenda gengeni.

Ofisa wa Bolivia akapekua pasipoti yangu, akarudi nyuma kurasa mbili. "¿Salida?" Akaelekeza kalamu chini ya kilima. Nilikuwa nimeipita ofisi ya Peru bila kugongewa muhuri wa kutoka. Nikashuka, nikagongewa, nikapanda tena kilima kile kile, mara hii nikisimama kila hatua ishirini nikihema kama niko Mlima Meru.

Kadi aliishika sekunde mbili. Ile 2022 hakuitazama kabisa, au aliitazama akajua.

Hadi Copacabana, mji wa upande wa Bolivia, ni mwendo mfupi wa gari la kuchangia. Nilifika nikijisifu kwamba nina nusu saa nzima kabla ya basi la La Paz, nikatazama saa ya ukutani kwenye duka la tiketi. Kumbe Bolivia wako mbele ya Peru kwa saa moja, na basi langu lilishaondoka. Nikaagiza trucha, samaki wa ziwani, kwa wali, nikasubiri la mchana.