Matanga ya akaunti

Neno la Mama wa Utumishi bado limenikaa kooni. Mimi ndiye ninayeshika akaunti za wafanyakazi kwenye Microsoft 365, yaani barua pepe na kalenda za ofisi. Alikuja na karatasi ya walioondoka: wastaafu, waliohamia Kasulu na Uvinza, waliomaliza mikataba, na mmoja marehemu, mzee wetu wa stoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hawa wafute leo."

Nikamwambia kufuta ni hatua ya mwisho, kuna kazi kabla yake. Akacheka mpaka miwani ikashuka. "Mtu akiondoka si ameondoka? Kwani unamfanyia matanga?"

Ofisi nzima ikacheka. Dada kajifungua salama pale hospitali ya Maweni, hapa Kigoma, mwenye nyumba kapandisha kodi, mimi kichwani ni matanga tu.

Nilichotakiwa kumjibu ni hiki. Kwanza unamfungia mlango kwa amri za PowerShell: `Update-MgUser` yenye `-AccountEnabled:$false` inazima akaunti, halafu papo hapo `Revoke-MgUserSignInSession` inamtoa kokote alikoingia. Kubadili nywila peke yake hakutoshi, maana simu yake ina ruhusa iliyokwisha kutolewa, na ruhusa hiyo huishi kama saa moja hivi. Hata ukishaivunja kwa amri, programu nyingine zitaendelea mpaka muda huo uishe. Kwa mtu aliyeondoka kwa ugomvi, saa moja ni nyingi.

Pili, sanduku lake la barua. Unaingia kwa `Connect-ExchangeOnline`, unaligeuza kuwa la pamoja kwa `Set-Mailbox -Type Shared`, na anayeshika nafasi yake unampa `Add-MailboxPermission` ya `FullAccess`. Hili lifanyike kabla hujamvua leseni. Ukivua leseni kwanza, barua zinabaki siku 30 tu kisha zinafutwa. Sanduku la pamoja halihitaji leseni ilimradi lisizidi GB 50, kwa hiyo hesabu ukubwa wake mapema kwa `Get-MailboxStatistics`. Na hapa ndipo wengi wanapoumia: sanduku hilo bado limening'inia kwenye akaunti ya mwenyewe. Wanaona limeshakuwa "la wote", wanafuta akaunti, na sanduku linaondoka nayo. Akaunti iache, imefungwa, haina leseni, basi.

Leseni yenyewe ikigoma kutoka, usibishane nayo. Mara nyingi imekuja kwa kundi, kwa hiyo mtoe mtu kwenye kundi.

Sasa, kwa wale ambao sanduku lao halihitajiki tena, amri ya kufuta akaunti: `Remove-MgUser`. Haikuulizi "una uhakika?" Ukibonyeza Enter, imekwenda. Karatasi ya utumishi ina majina matatu matatu na mfumo una mawili, na ukitafuta kwa jina la kuonyeshwa utawapata akina Juma na Hamisi wa kila idara. Jaza faili la CSV kwa anwani kamili ya kuingilia, lipitishe kwanza na `-WhatIf`, inayoonyesha kitakachofutwa bila kufuta, usome kila mstari, ndipo uitoe hiyo `-WhatIf`. Mtandao unaweza kukata katikati ya orodha, kwa hiyo kila jina liandike kwenye faili la kumbukumbu likishapita. La sivyo hujui ulipoishia. Aliyefutwa anakaa pipani siku 30, na `Restore-MgDirectoryDeletedItem` inamrudisha. Zikipita, huna pa kwenda. Maelekezo mengi huko mtandaoni bado yanataja `Remove-MsolUser`, amri ya moduli ya zamani ya MSOnline. Moduli hiyo Microsoft waliistaafisha 2025, nayo iende na wastaafu wetu.

Akaunti zinazotoka kwenye seva ya ofisini hazifutiki winguni. Unazifuta kwa `Remove-ADUser` kulekule zilikozaliwa, unasubiri usawazishaji wa seva na wingu wa kila dakika 30, au unausukuma kwa `Start-ADSyncSyncCycle -PolicyType Delta`. Mwenye Exchange ya ndani, yaani seva ya barua iliyo ofisini kwake, ajihadhari zaidi: `Remove-Mailbox` inaondoa sanduku pamoja na akaunti ya mtu, `Disable-Mailbox` inaacha akaunti. Jina moja linasikika kali, lingine laini, na watu wanachagua kwa sauti.

Nikafika kwa mzee wa stoo. Saa tatu kasoro dakika kumi na tano, kwenye kompyuta zetu zote likatokea dirisha dogo: Kikao cha stoo, mwitishaji ni yeye. Vikao vya kujirudia alivyoitisha aliyeondoka vinabaki kwenye kalenda za wenzake hata akaunti ikifutwa, na hapo hakuna tena wa kuvifuta. Dawa ni `Remove-CalendarEvents` yenye `-CancelOrganizedMeetings`, iendeshwe sanduku likiwa bado hai. Kuna `-PreviewOnly` ya kukuonyesha kitakachofutwa. Ila taarifa ya kufutwa kwa kikao inakwenda kwa kila mwalikwa, kwa jina la mwitishaji. Yaani watu wa stoo wangepata barua kutoka kwa marehemu.

Nikampigia Mama wa Utumishi kumtahadharisha asishtuke. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, subiri arobaini ipite. Mkewe bado anakuja hapa kufuatilia mafao."

"Nikifuta leo, mama, mfumo unahesabu siku 30 tu. Hazifiki."

"Basi usifute."

Kwa hiyo nimemfungia mlango, sanduku nimeligeuza, kikao kinaendelea kulia. Ukianza barua na kuandika herufi mbili za mwanzo za jina lake, programu ya Outlook bado inamleta wa kwanza, maana kila mtu ana orodha yake ya aliowahi kuwaandikia. Wote tuliokuwa tunacheka sasa tunalipita jina lake kimyakimya kwa mshale.

Mvua zimeanza huku Mwanga na bati la juu ya jiko limeachia msumari. Fundi anasema Jumamosi. Jumamosi iliyopita alisema hivyohivyo, na gunia la mkaa liko chini yake hapohapo.