Sukari Iliyokuja na Tanga: Nilivyoitafuta Historia ya Magendo ya Karafuu Pemba

Mwaka 1926 polisi walivamia nyumba moja ya kamari huko Cicero, pembeni mwa Chicago, wakachukua madaftari ya hesabu. Madaftari yale yakawekwa, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyeyashughulikia. Alipokuja kuyafungua Frank Wilson, mpelelezi wa mambo ya kodi, ndipo Serikali ya Marekani ilipopata njia ya kumshika Al Capone. Mtu aliyetajwa kwa mauaji, rushwa na pombe ya marufuku, Oktoba 1931 alihukumiwa miaka 11 kwa kukwepa kodi. Mashahidi wa mauaji walikuwa wakiogopa kusema. Daftari halikuogopa.

Nilikisoma kisa hicho usiku, na hadi alfajiri kilikuwa bado kimo kichwani. Mimi nasomesha historia skuli ya sekondari hapa Unguja, lakini kwetu ni Wete, Pemba. Nimekulia kwa bibi yangu, na bibi alikuwa na kawaida ya kutusimulia shida ya mwanzoni mwa miaka ya 70: mchele wa kupimiwa, sabuni haionekani, watu wanashinda na muhogo asubuhi na jioni. Akifika kwenye sukari husema, "Yetu ilikuja na tanga," kisha hubadilisha mazungumzo. Nimelisikia neno hilo utoto wangu wote, wala sikuwahi kumuuliza ni tanga la nani. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo nilipoamua kuitafuta historia ya magendo ya karafuu, nilikuwa namtafutia jibu mtu ambaye sina tena wa kumuuliza.

Mwanzo wangu ulikuwa mbaya. Nilikwenda Wete likizo ya kwanza, nikakaa barazani baada ya sala ya laasiri, nikawaamkia wazee, na kabla kahawa haijapoa nikauliza nani anazijua habari za magendo. Watu wakatazamana. Mmoja akakumbuka ana mgonjwa wa kwenda kumtazama, mwengine akafuata. Aliyebaki mwisho akaniambia kwa upole, "Mwalimu, umekuja kutuuliza au umekuja kutuandikia mashtaka?"

Alikuwa na haki yake. Katika zama za Mzee Karume sheria iliruhusu mtu wa magendo ya karafuu ahukumiwe kifo. Kisiwa kilichopita huko hakikufungulii mlango kwa sababu tu una kalamu na unatoka skuli. Na hilo neno magendo lenyewe ni neno la mshitaki. Hakuna mzee hata mmoja, katika miaka mitatu niliyokaa nao, aliyelitumia kwa kazi yake mwenyewe. Wao husema "kuvusha".

Nikarudi Unguja, nikageukia makaratasi. Kibali cha utafiti kilichelewa sana. Barua yangu ilipotea mara mbili katika meza za watu, ya tatu nikaipeleka kwa mkono na kusubiri mpaka ikagongwa muhuri. Halafu nikaanza kwenda Nyaraka, kunakohifadhiwa makaratasi ya zamani ya Serikali, pale Kilimani, kila Jumamosi na siku zote za likizo, na penseli zangu mbili na daftari la mistari.

Nilikwenda kutafuta karafuu, nikakuta watu. Magendo makubwa ya kwanza yanayoihusu Pemba katika makaratasi yale yalikuwa ya binadamu. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Lakini mwaka mmoja kabla, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa imesimama. Bei ikapanda, Pemba ikawa ndiyo shamba, na shamba lilitaka mikono. Basi majahazi madogo yakawa yanavuka usiku kutoka Mrima, pwani ya bara, yamejaza watu, yanaingia kwenye vijito vya mikoko. Waingereza wakaiweka manowari yao, HMS London, bandarini Unguja iwe kituo cha maboti ya doria. Disemba 1881 kapteni wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi moja lililopandisha bendera ya Ufaransa. Bendera ile ilikuwa kinga: Ufaransa haikuwapa Waingereza ruhusa ya kupekua vyombo vyake, na manahodha wa watumwa walilijua hilo vizuri sana.

Nilipofika hapo niliinuka nikatoka nje, nikasimama chini ya mti kwa muda. Miaka ya 1870 vijito vile vilikuwa mlango wa kuingizia watu ili karafuu zichumwe. Miaka 100 baadaye vijito vile vile vikawa mlango wa kutolea karafuu. Sikuwa nimelipata hili popote, na niliona uzito wake kwa sababu baadhi ya wale walioingizwa ni wazee wa watu ninaowajua, na huenda ni wangu.

Baada ya 1964 majalada niliyoyapata yalikuwa machache na mafupi: fulani kakamatwa, magunia kadhaa, chombo kimetaifishwa. Jalada huandika habari za aliyekamatwa tu. Aliyefika salama Shimoni au Mombasa, pwani ya Kenya, hana jalada. Hapo ndipo nikalirudia lile daftari la Cicero, nikajiambia: acha kutafuta watu, tafuta hesabu.

Hesabu ya magendo ni moja, tofauti ya bei. Ugomvi wa nani ana haki ya kununua karafuu ya mkulima ni wa zamani. Mwaka 1937 sheria ilipokipa chama cha wakulima wa karafuu, CGA, haki hiyo peke yake, wafanyabiashara wa Kihindi waliisusia karafuu ya Zanzibar, na India nayo ikaacha kuinunua mpaka yakafikiwa mapatano mwaka 1938. Baada ya Mapinduzi mnunuzi akawa Serikali, kupitia shirika lake la biashara, ZSTC, lililoundwa 1968. Na miaka ya 70 ndiyo miaka ambayo Indonesia ilikuwa inanunua karafuu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake zinazochanganywa na karafuu. Bei ya dunia ikapaa. Mkulima wa Pemba alikuwa anapata sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na ng'ambo ya pili, mwendo wa usiku mmoja, palikuwa na mtu anayelipa zaidi, tena analipa kwa mchele, sukari, sabuni na khanga.

Nilichukua karatasi ndefu nikachora mstari wa bei ya nje na mstari wa bei ya mkulima, mmoja juu ya mwengine. Pale mistari ilipoachana sana, ndipo wazee baadaye walipokuja kuniambia safari zilikuwa nyingi. Indonesia ilipootesha mikarafuu yake ya kutosha na bei kuanguka, mistari ikakaribiana na hadithi zikapungua. Bei ilipopanda tena baada ya 2010, magendo yakarudi midomoni mwa watu, na Serikali nayo ikaamua mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Karatasi ile nimeibandika ukutani kwangu mpaka leo. Imenifundisha zaidi ya majalada yote.

Nilirudi Wete nikiwa na maswali mengine. Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa nahodha, nikamwambia, "Shikamoo babu. Mtu akitoka Fundo anataka kwenda Shimoni, upepo gani humfaa?" Akanitazama kidogo, akasogeza mkeka. "Marahaba mwanangu. Inategemea kabeba nini."

Alizungumza mpaka adhana ya magharibi.

Alinieleza kuwa kusi ndiyo rafiki, kwani karafuu huanza kuiva kusi lingali linavuma, na tanga likishajaa chombo kinakwenda chenyewe kaskazini. Kwamba gunia la karafuu haliwekwi chini kabisa, kwa sababu likinywa maji ya ngama huvimba na kuota ukungu, na mnunuzi wa kule hupasua gunia na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kabla hajataja bei. Lakini kilichonikaa zaidi ni habari ya harufu. Karafuu kavu haifichiki. Usiku, baharini, pua hukiona chombo kabla ya jicho. Kwa hiyo juu ya magunia walipanga ng'onda na papa mkavu, na nahodha hakukubali hata mara moja kupita joshini mwa boti ya doria, upande unakotoka upepo; alizunguka, hata kama ni kupoteza saa mbili, ili abaki upande wa demani, unakokwenda upepo. Akainuka, akachomoa shazia iliyochomekwa kwenye makuti ya paa la banda, akanionyesha jinsi walivyoshona mdomo wa gunia mara mbili, mshono wa pili ukirudi juu ya wa kwanza. Sindano ile ina urefu wa kiganja changu. Kichwani imeng'ara kwa mafuta ya mkono, ncha ina kutu. Alishona hewani, hana gunia wala uzi, na vidole vilikuwa havijasahau.

Tangu siku hiyo sikumuuliza mtu yeyote alifanya kosa gani. Niliuliza upepo, mizani, mshono, chakula cha njiani, nani alishika usukani. Habari zote nyengine zilikuja zenyewe, kwa wakati wao.

Kuzipima ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Kumbukumbu ya mtu mzima haina tarehe, ina matukio. Mzee mmoja aliniambia walirudi kutoka ng'ambo na mchele usiku ule Mzee Karume alipopigwa risasi. Waliondoka giza tupu, akasema, mwezi ukawatokea wako katikati ya mkondo, wakaogopa kuonekana wakashusha tanga. Karume aliuawa Ijumaa tarehe 7 Aprili 1972, jioni, pale Kisiwandui. Nikakaa na kalenda: usiku ule ulikuwa kama wa 22 au 23 wa Mfunguo Tano. Mwezi wa tarehe hizo hutoka baada ya saa sita ya usiku. Mtu aliyeondoka baada ya isha angeupata mwezi hasa pale alipoutaja, katikati ya bahari. Hilo halithibitishi kila neno lake, lakini lilinionyesha kuwa hadithi ile hakuisikia kwa mtu. Aliuona mwezi ule. Mwengine alinipa safari ya mbalamwezi kwenye usiku ambao hesabu yangu inasema ulikuwa wa giza. Sikumkosoa. Niliandika pembeni alama ndogo, na simulizi lake sijalitumia.

Majina sikuandika. Kila mtu nilimpa herufi isiyohusiana na jina lake, na karatasi inayounganisha herufi na watu niliichoma jikoni kwangu nilipomaliza. Waliozungumza nami nilirudi kuwasomea nilichoandika, na aliyesema futa, nilifuta mbele yake.

Wanafunzi wangu huniuliza kama hawa walikuwa majambazi kama wale wa Chicago. Nimelifikiria sana. Genge la Capone liliuza pombe, lakini liliuza hofu pia. Mwenye duka alilipa ili duka lake lisiteketezwe. Katika simulizi nilizokusanya Pemba sikukuta hivyo. Nilikuta nahodha, mabaharia, mwenye mali na mtu wa kupokea ng'ambo, wengi wao ndugu au wakwe, na hofu yote walikuwa nayo wao. Lakini sitaki kuisafisha historia hii. Kulikuwa na mikarafuu iliyochumwa usiku na wasiokuwa wenyewe, na mkulima akaamka akakuta matawi yamevunjwa. Kulikuwa na tajiri ambaye hakuwahi kulowa miguu na ndiye aliyepata fungu kubwa. Na kulikuwa na waliozama, ambao nyumbani kwao ilisemwa wamekwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsomea nahodha sura yake. Alifumba macho akasikiliza. Nilipofika mahali nilipoandika "genge la watu watano" akainua mkono.

"Futa genge. Andika mabaharia."

Nikafuta, nikaandika.

"Na hatukuwa watano," akasema. "Tulikuwa sita."

Miaka mitatu alikuwa akinihesabia watano. Nikasubiri. Alikuwa mdogo wake, akasema, wa mama mmoja, kazi yake kukumba maji ya ngama, na safari ya kusi iliyofuata hakurudi. Akaniomba nisiandike zaidi ya hapo mpaka atakapozungumza na dada yake. Nimeacha mistari mitatu mitupu kwenye daftari. Karafuu zikianza kuchumwa nitakwenda tena.