Aliyekushtaki Ni Jimbo

Mdogo wangu aliposhtakiwa katika mahakama ya jimbo nchini Marekani kwa kumpiga shemeji yetu, sote tulidhani shauri lingekwisha mara tu wawili hao wakisameheana. Walisameheana kweli, na shemeji akafika mahakamani kuifuta kesi. Wakili akatuonyesha kichwa cha hati ya mashtaka: upande mmoja limeandikwa jimbo, upande wa pili jina la mdogo wangu, na jina la shemeji halimo. Yeye alikuwa shahidi tu. Mwenye kesi ni jimbo, na mwendesha mashtaka ndiye anayeamua kuendelea nayo au kuiondoa.

Tangu siku hiyo nimezitazama haki za mshtakiwa kwa jicho jingine, kwa sababu anayepambana na jimbo zima hawezi kuachwa mikono mitupu. Clarence Earl Gideon, mtu maskini aliyefungwa Florida kwa kosa la kuvunja jengo kwa nia ya kuiba, baada ya kunyimwa wakili, aliiandikia Mahakama Kuu ya nchi akiwa gerezani, kwa penseli, na mwaka 1963 mahakama hiyo ikaamua kwamba majimbo lazima yampe wakili mshtakiwa wa kosa kubwa asiyeweza kumlipa. Kesi yake iliposikilizwa upya, safari hii akiwa na wakili, aliachiwa huru.

Haki iliyotuponyoka sisi ni ya kunyamaza. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu hiyo katika kesi ya Miranda, mwaka 1966, polisi hupaswa kumwambia mtu aliye mikononi mwao, kabla ya kumhoji, kwamba anaweza kukaa kimya na kuwa na wakili. Mdogo wangu aliambiwa hivyo, lakini amelelewa kuona kwamba kutomjibu mkubwa ni utovu wa adabu, basi akaeleza kila kitu, hata yale ambayo hakuulizwa. Na kukaa kimya tu hakutoshi: mwaka 2010 Mahakama Kuu hiyo ilisema kwamba anayetaka kuitumia haki hiyo aitamke waziwazi. Ninamsihi kila msomaji aliye huko ajifunze kutamka, kwa heshima zote, kwamba hatajibu swali lolote mpaka azungumze na wakili.

Baadaye ikaja ahadi ya adhabu nyepesi iwapo angekiri kosa. Kesi nyingi za jinai za huko huishia hivyo, bila ushahidi kusikilizwa, na mtu aliyechoka huona amepata nafuu. Kwa asiye raia, kukiri hata kosa linaloitwa dogo kunaweza kuleta kufukuzwa nchini, na tangu kesi ya Padilla ya mwaka 2010 wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari hiyo. Wakili wetu alikuwa ameshaweka karatasi mezani, kalamu juu yake. Mdogo wangu akaisogeza kalamu kando, akaomba mkalimani wa Kiswahili, kisha akauliza sahihi ile ingeifanya nini ruhusa yake ya kuishi nchini.