Siku moja na kibao cha namba

Saa 11:30 alfajiri. Chapati mbili na chai ya rangi kwa mama ntilie, Kongwa, kisha garini. Mimi ni mthamini: napita kabla ya nguzo za umeme wa kilovolti 400, nahesabu kilichomo kwenye mkuza, yaani ukanda wa ardhi utakaopitiwa na laini, ili wenyewe walipwe fidia.

Saa 2. Ofisi ya kijiji. "Mbukwenyi!" nawasalimu kwa Kigogo. Mtendaji yupo, mwenyekiti bado yuko zizini. Tunangoja.

Saa 3:15. Swali halikosekani: "Serikali ina barabara yake na msitu wake, mashambani kwetu mnafuata nini?" Mpima wetu anajibu kwamba hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya lami, na mkuza wa laini unataka upana wa zaidi ya mita 50. Msituni nako kuna vibali, tathmini ya mazingira na kufyeka miti. Na njia ikipindishwa, kila kona inadai nguzo nene yenye chuma kingi. Kijana mmoja akadakia: "Kumbe mtama wangu ni rahisi kuliko mti wa serikali!" Watu wakacheka. Mimi nilitazama daftari, maana kwenye hesabu za mradi mara nyingi ndivyo ilivyo.

Saa 5. Shambani kwa mzee mmoja. Kavaa koti la kanisani kwa ajili ya picha ya fomu, kashika kibao chenye namba yake ya fidia juu chini.
"Shikamoo mzee. Kigeuze kidogo."
"Marahaba mwanangu. Hivi?"
Mwembe unaozaa una bei yake, mche una yake, kwa hiyo tunabishana mti mmoja mmoja. Jirani naye anadai mpaka umesogezwa. Minyaa iliyokuwa alama imeng'olewa, mashimo bado mabichi. Hilo tumemwachia mwenyekiti.

Saa 8:30. Malisho ya kijiji. Hapa napata taabu kuliko kwa mzee. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 msimamizi ni Halmashauri ya Kijiji, basi ndiyo ninayoiandika kwenye fomu. Mfugaji aliyeegemea fimbo, ng'ombe wake wakiwa humohumo, akauliza: "Na mimi kibao nikishikie wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Saa 11. Kurudi, vumbi mpaka kwenye meno.

Saa 3 usiku. Gesti, naingiza fomu kwenye kompyuta. Kwa mzee wa koti nimeandika miembe mitatu. Kwenye picha, nyuma ya bega lake, naiona minne. Kesho tunaanzia kwake.