Buluu Isiyofifia

Jana mdiria alitua kwenye kamba ya nguo, na kitinda mimba wangu akauliza, "Mama, rangi ile ikifuliwa inatoka?"

Nilimjibu kwamba haitoki, kwa sababu hakuna kilichopakwa. Ni mwanga tu, unaogonga vijengo vidogo mno ndani ya unyoya na kurudi machoni ukiwa buluu. Jambo hilo nililijulia Beijing, mwaka ule wa mwisho wa masomo, siku mwalimu wetu wa Kichina aliponipeleka Makumbusho ya Taifa pale Tiananmen.

Vyombo vya shaba tulivipita mbiombio. Kisha nikasimama mbele ya taji la Malkia Xiaoduan, mke wa Kaisari Wanli wa nasaba ya Ming. Mume na mke walifariki 1620, na taji likakaa kaburini Dingling hadi wachimbaji walipolifikia miaka ya 1950. Juu yake majoka ya dhahabu yameng'ata lulu. Chini yao feniksi wametandaza mabawa. Joka ni kaisari, feniksi ni malkia. Na joka la kule si la kuuawa na shujaa, ni mleta mvua, wakulima wamelitambikia karne na karne.

Lakini mimi nilinaswa na buluu ile. Nikisogea kushoto inaiva, karibu na nili. Nikirudi kulia inawaka kama maji ya Paje saa sita mchana. Nikainama, nikainuka, nikainama tena. Pua yangu iligusa kioo. Zaidi ya miaka 300 ardhini, na rangi iko vilevile!

"Ni manyoya ya mdiria," mwalimu akasema.

Akanieleza taratibu: fundi hukata vipande vyembamba vya unyoya, akavilaza kwa gundi juu ya bamba la metali, ndani ya kingo za waya wa dhahabu. Mengi yalitoka misitu ya kusini, hata Kambodia. Zhou Daguan, mjumbe wa China aliyefika Angkor, mji mkuu wa huko, mwaka 1296, aliandika jinsi mwindaji alivyojificha kwa majani kando ya maji, ndege jike tunduni akiwa chambo, wavu mdogo mkononi. Siku nyingine watatu, watano. Siku nyingine hapati hata mmoja.

Lulu za taji lile zimehesabiwa. Ndege je, nani aliwahesabu? Nilijikuta nalia, na sikuweza kusema ni kwa uzuri au kwa huruma. Hadi leo sijaweza kuvitenganisha.

Usiku tulikwenda kutazama opera. Siku hizi mapambo mengi ya kichwa ya waimbaji hutengenezwa kwa utepe wa hariri au manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi, badala ya manyoya ya mdiria, na mwalimu alinihakikishia pambo la mwimbaji yule lilikuwa la hariri. Nilifurahi kwa dhati, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Ila taa zilipomgeukia, macho yangu yalikuwa bado yanaitafuta buluu ya mchana, na haikuwapo.